Safari za Theluji katika Milima ya Uskoti

Mwanafunzi aketiye darasani mjini Nairobi yuko juu zaidi, kwa kipimo cha usawa wa bahari, kuliko mtu aliyesimama juu ya kilele kirefu kuliko vyote katika Uingereza. Kilele hicho ni cha Ben Nevis, mlima ulioko katika nchi ya Uskoti, nao una mita 1,345 tu. Ilhali mji wa Nairobi umejengwa mahali palipozidi mita 1,600. Kama milima mitatu ya namna hiyo ingepangwa, mmoja juu ya mwingine, bado isingefikia kilele cha Mlima Kenya, ambacho kina mita 5,199. Kwa hiyo tukiambiwa kwamba watu wenye miguu imara na akili timamu wamekufa kwa baridi katika milima hiyo mifupi, tena si mbali na barabara na nyumba za watu, pengine tutastaajabu. Lakini ndivyo ilivyotokea, wala si mara moja. Yafaa basi tujue jinsi watu wa Uskoti walivyojifunza kutembea milimani wakati wa theluji, na bei waliyoilipa kwa elimu hiyo.

Kwanza na tuitazame nchi yenyewe. Uskoti iko mbali sana kaskazini mwa Ikweta. Upande wake wa magharibi ni Bahari ya Atlantiki, ambako dhoruba huzaliwa na kuvuma hadi nchi kavu pasipo kizuizi. Katikati ya nchi hiyo kuna milima iitwayo Cairngorm. Haina vilele vilivyochongoka kama vile vya Batian na Nelion katika Mlima Kenya. Juu yake ni uwanda mpana wenye mawe, ulioinuka zaidi ya mita 1,000, na vilele vyake ni kama migongo ya ng'ombe waliolala. Kilele kikubwa ni Ben Macdui, chenye mita 1,309, ambacho ni cha pili kwa urefu katika Uskoti. Kandokando ya uwanda huo kuna magenge makubwa yanayoanguka ghafula.

Wakati wa kiangazi, mtu aweza kuvuka uwanda huo kwa siku moja akiwa na chakula kidogo mfukoni. Majira ya baridi yafikapo, nchi hiyo hiyo huwa nchi nyingine kabisa. Mwezi wa Desemba mchana ni wa saa saba hivi, na jua, hata likionekana, hupita chini karibu na upeo wa macho kana kwamba linaona haya. Tarehe 20 Machi 1986 upepo uliopimwa juu ya kilele cha Cairn Gorm ulikwenda kwa mwendo wa kilomita 278 kwa saa. Huko Braemar, kijiji kilichoko kando ya milima hiyo, baridi ilipimwa mara mbili, mwaka 1895 na mwaka 1982, ikaonekana imeshuka hadi nyuzi 27 za Selsiasi chini ya kiwango cha maji kuganda. Zaidi ya hayo, theluji ikianguka huku ukungu umetanda, ardhi na mbingu huwa rangi moja. Mtembeaji haoni kilima wala bonde. Hajui kama mguu wake unaofuata utakanyaga theluji ngumu, au utakanyaga ukingo wa theluji uliojengwa na upepo nje ya genge, ambao chini yake ni hewa tupu.

Wenyeji wa zamani waliyafahamu mambo haya vizuri. Walikuwa wafugaji na wakulima, nao walisema lugha ya Kigaeli, ambayo majina mengi ya milima ile yanatokana nayo. Wachungaji waliokwenda kuuza ng'ombe wao katika masoko ya kusini walipita katika njia za mabondeni, kama ile iitwayo Lairig Ghru, ambayo huikata milima ya Cairngorm katikati. Hawakuwa na sababu ya kupanda juu ya uwanda wakati wa theluji, kwa maana huko hapakuwa na malisho wala soko. Mlima ulikuwa jirani mkubwa wa kuheshimiwa. Haukuwa mahali pa mchezo.

Mawazo hayo yalibadilika katika karne ya kumi na tisa, wakati watu wa miji walipoanza kuitazama milima kwa jicho jipya. Wa kwanza kuishi na majira ya baridi kileleni, siku baada ya siku, walikuwa watu wa sayansi. Mwezi wa Oktoba mwaka 1883 nyumba ya kupimia hali ya hewa ilifunguliwa juu kabisa ya Ben Nevis. Watumishi wake walikaa humo wakati wote wa mwaka, wakisoma vipimo vya joto, upepo na mvua kila saa, usiku na mchana. Theluji ilirundikana hata ikauziba mlango wa nyumba, ikawa lazima kujenga mnara mdogo wenye mlango wa juu, ili watu waweze kutoka nje na kwenda kusoma vipimo vyao. Kazi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1904, ambapo nyumba ilifungwa kwa sababu ya uhaba wa fedha. Kwa miaka ishirini watu wale waliandika katika madaftari yao yale ambayo wachungaji waliyajua kwa kuyaonja: kwamba juu ya mlima ule mfupi hali ya hewa ni kama ile ya nchi za mbali sana za kaskazini.

Wakati huo huo watu wengine walianza kupanda kwa kupenda tu. Mwaka 1889 kilianzishwa Chama cha Wapanda Milima wa Uskoti. Mwanachama mmoja, Sir Hugh Munro, alichapisha mwaka 1891 orodha ya milima yote ya Uskoti iliyozidi futi 3,000, yaani mita 914. Kabla ya hapo watu wengi walidhani kwamba milima ya namna hiyo haikuzidi thelathini. Munro alionyesha kwamba ilikuwa zaidi ya mia mbili. Mwaka uliofuata, 1892, mwenzake aitwaye William Naismith alitoa kanuni ambayo watembeaji wanaitumia hata leo. Alisema kwamba mtu ahesabu saa moja kwa kila maili tatu za njia, kisha aongeze saa moja kwa kila futi 2,000 anazopanda. Kwa vipimo vya siku hizi, hiyo ni kama kilomita tano kwa saa moja, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda.

Kanuni hiyo yaonekana kuwa hesabu ndogo ya darasani, lakini ilileta jambo kubwa. Ilimfundisha mtembeaji kuuliza, kabla hajaondoka nyumbani, "Je, nitafika wapi giza litakapoingia?" Ila kanuni hiyo ni ya njia nzuri na siku njema. Theluji laini inayofika magotini yaweza kuzidisha muda wa safari mara mbili au hata mara tatu, na upepo wa uso kwa uso waweza kumsimamisha mtu kabisa. Anayehesabu saa za kiangazi katika siku ya baridi amekwisha kujidanganya kabla hajatia mguu njiani.

Katika karne ya ishirini milima ilizidi kusogea karibu na watu. Katika miaka ya 1930 vijana wa viwandani mjini Glasgow, wengi wao wakiwa hawana kazi, walitoka mjini mwishoni mwa juma wakalala mapangoni na kujifunza kupanda. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakuu wa elimu waliona kwamba mlima ni mwalimu mwema: humfundisha kijana uvumilivu, ushirikiano na kujitegemea. Mwaka 1948 kituo cha mafunzo kilianzishwa huko Glenmore, chini ya milima ya Cairngorm, na halmashauri za miji zilianza kuwapeleka wanafunzi wao milimani kama sehemu ya masomo. Mwaka 1961 viti viendavyo juu ya kamba ya chuma vilianza kuwapandisha watu katika mlima wa Cairn Gorm, na mtu aliweza kufika karibu na uwanda bila kutoka jasho. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 vibanda vidogo vilijengwa juu ya uwanda, ili mtu aliyekamatwa na dhoruba apate mahali pa kujihifadhi.

Mambo yote haya yalikuwa mema, na waliyoyafanya walikuwa na nia njema. Lakini yalileta badiliko ambalo watu hawakuliona upesi. Hapo zamani mlima wenyewe ulikuwa ukiwachuja watu: asiye na nguvu wala maarifa alichoka akiwa bado chini, akarudi kwao. Sasa aliweza kujikuta juu kabla mlima haujampima.

Siku ya Jumamosi tarehe 20 Novemba 1971 wanafunzi kumi na wanne wa shule moja ya Edinburgh, wenye umri wa miaka kumi na mitano hivi, walipelekwa katika milima ya Cairngorm pamoja na viongozi wao. Walipandishwa sehemu ya njia kwa viti vile vya kamba. Nia yao ilikuwa kuvuka uwanda kuelekea Ben Macdui, kisha kushuka upande wa pili na kulala bondeni. Waligawanyika makundi mawili: lenye nguvu zaidi lilitangulia, na lenye nguvu kidogo likafuata, likiongozwa na msichana wa miaka ishirini aliyesaidiwa na mwenzake aliye mdogo kwake. Ikiwa hali ya hewa itachafuka, walikusudia kukimbilia kibanda kilichoitwa Curran, kilichokuwa katikati ya uwanda karibu na ziwa dogo.

Hali ya hewa ikachafuka. Kundi la kwanza lilifika kibandani, likalala humo salama. Kundi la pili, lenye watu wanane, lilikwama katika theluji laini iliyokuwa ikirundikwa na upepo. Wakati huo wa mwaka huko Uskoti jua hutua kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo giza liliwakuta wangali njiani. Walipochoka hata wasiweze kuendelea, walijilaza uwandani, mita mia chache tu kutoka kibanda walichokuwa wakikitafuta. Dhoruba haikupumzika. Siku ya Jumapili kiongozi alijaribu kutoka akatafute msaada, lakini theluji ilimshinda, akarudi kwa wanafunzi wake. Wakalala usiku wa pili katika baridi ile. Kundi la kwanza lilipofika chini bila kuwaona wenzao, habari zilipelekwa kwa waokoaji, nao wakapanda usiku ule ule katikati ya dhoruba kuwatafuta.

Asubuhi ya Jumatatu helikopta ilimwona mtu anayetambaa kwa mikono na magoti juu ya theluji. Alikuwa yule kiongozi. Mikono yake ilikuwa imeganda, naye alikuwa karibu kukata roho, lakini aliweza kutamka maneno machache yaliyowaonyesha waokoaji mahali pa kutafuta. Waliwakuta wenzake wamefunikwa na theluji. Mvulana mmoja alikuwa angali hai. Wengine sita, yaani wanafunzi watano na yule kiongozi msaidizi, walikuwa wamekwisha kufa. Msiba huo unahesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote iliyopata watembeaji wa milimani katika Uingereza.

Huenda msomaji akauliza: vijana wenye afya, waliovaa nguo za baridi na kuwa na mifuko ya kulalia, walikufaje katika muda wa siku mbili? Jibu limo katika tabia ya mwili wenyewe. Joto la ndani la mwili wa mtu ni nyuzi 37 hivi. Nguo zikiloa, na upepo ukipita ndani yake, mwili hupoteza joto upesi kuliko unavyoweza kulitengeneza, hasa ikiwa mtu amechoka na hana chakula cha kutosha. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka sana, ulimi wake huwa mzito, na miguu yake hujikwaa kama ya mlevi. Kisha kutetemeka hukoma, naye huona usingizi. Ubaya mkubwa wa baridi ni huu: huiba akili kwanza, ndipo ikaiba uhai. Mtu ambaye angepaswa kuamua kurudi huwa hana tena akili ya kuamua lolote. Kwa sababu hiyo uamuzi wa kurudi hauna budi kufanywa mapema, wakati ambapo bado waonekana kama hauna haja.

Mwezi wa Februari mwaka 1972 uchunguzi wa hadhara ulifanyika katika mji wa Banff. Waliosikiliza ushahidi walitoa mapendekezo yao: kwamba watoto wasipelekwe milimani bila kuangalia nguvu na mafunzo yao, kwamba wazazi waelezwe wazi safari itakuwa ya namna gani, na kwamba viongozi wawe watu waliohitimu kwa kazi hiyo. Palikuwa na watu waliotaka wanafunzi wakatazwe kabisa kupanda milima. Shauri hilo halikufuatwa, wala haikuwa haki lifuatwe, kwa sababu maelfu ya vijana walikuwa wamekwisha kupata faida kubwa huko. Kilichotakiwa ni kuifanya safari ya majira ya baridi iwe elimu ya pekee, isichukuliwe kuwa safari ya kiangazi iliyovikwa koti zito.

Jambo lililozua mabishano marefu lilikuwa lile la vibanda. Upande mmoja ulisema kwamba kibanda ni kimbilio; kundi la kwanza lilipona kwa sababu ya kibanda, basi yawezekanaje kubomoa kitu kinachookoa maisha? Upande mwingine, ambamo walikuwamo watu waliokuwa wakiifahamu milima ile kwa miaka mingi, ulijibu kwamba kibanda kidogo juu ya uwanda mpana ni vigumu kukiona wakati wa dhoruba, na mara nyingi chenyewe huzikwa na theluji. Tena, walisema, kibanda huvuta watu. Mtu akikiona katika ramani hupanga safari ambayo asingethubutu kuipanga kama hakingekuwapo. Na dhoruba ijapo, huendelea mbele kukitafuta, badala ya kushuka bondeni ambako upepo ni mdogo. Hivyo kilichojengwa kuwa ngao chaweza kugeuka mtego. Mwishoni hoja hii ya pili ilishinda, na mwaka 1975 kibanda cha Curran kiliondolewa juu ya mlima.

Hapa twaona jambo ambalo wanahistoria hukutana nalo mara nyingi. Chombo kilichobuniwa kupunguza hatari chaweza kuiongeza, ikiwa watu watakitegemea mahali pa kutumia akili zao. Kibanda hakikuwa na kosa lolote. Kuta zake ziliwahifadhi waliokifikia. Hatari ilikuwa katika mpango mzima kutegemea mlango mmoja mdogo uliofichwa na ukungu.

Tangu siku hizo mambo mengi yametengenezwa. Viongozi wa safari za theluji hupewa mafunzo na mitihani yao wenyewe, mbali na ile ya kiangazi. Hujifunza kutumia shoka la barafu, na kufunga chini ya viatu vyuma vyenye meno. Hujifunza kufuata dira huku wakihesabu hatua zao wakati macho hayana faida. Na hujifunza kuchimba shimo ndani ya theluji ili wajikinge na upepo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wamekuwa wakipima theluji milimani wakati wa majira ya baridi na kutangaza mahali penye hatari ya maporomoko. Vikosi vya waokoaji, ambavyo wengi wa watu wake ni wenyeji wanaojitolea bila mshahara, huitwa usiku na mchana. Hata hivyo mlima haujafugwa. Watu huendelea kufa huko, wakiwamo wajuzi, kwa maana upepo hausomi vyeti vya mtu.

Habari hizi si za Waskoti peke yao. Baridi iliyowaua vijana wale haikuhitaji theluji. Nguo mbichi, upepo na uchovu vyatosha. Mwanafunzi wa Kenya aweza kukutana nayo juu ya Nyandarua wakati wa mvua, au katika miteremko ya Mlima Kenya jua litakapofichwa na mawingu ya alasiri. Wahenga wetu walisema kwamba tahadhari ni kabla ya hatari, nao wapanda milima wa Uskoti wamelifikia neno hilo hilo kwa njia yao wenyewe. Aliye hodari milimani hapimwi kwa vilele alivyovifikia. Hupimwa kwa jinsi alivyoihesabu safari yake kabla ya kuondoka: saa zake, nguvu za aliye mnyonge kuliko wote katika kundi, na mahali atakapogeuka nyuma mambo yakiharibika. Kilele kitakuwapo kesho na mwaka ujao. Anayetakiwa kurudi nyumbani jioni ni mtu.